Sikiliza Kabla ya Kuuza: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Sauti ya Bidhaa Yako

Mnunuzi wa kabati pale Mwanjelwa, Mbeya, haanzi kwa kuuliza mbao ni ya mti gani. Anagonga ubavu wa kabati kwa vifundo vya vidole. Anafungua mlango na kuufunga, anavuta droo mpaka mwisho, anaisukuma irudi. Baada ya hapo ndipo anauliza bei, na bei utakayomtajia ataipima kwa kile alichokwisha kusikia.

Mwongozo huu ni wa seremala wa Iringa na Mafinga, mchomeleaji wa mageti, mkaangaji wa krispi wa Njombe au Uyole, na msindikaji wa jemu anayetaka chupa yake ikae rafu moja na ile iliyotoka Dar es Salaam au nje ya nchi. Msimamo wangu ni huu: sauti mbaya mara nyingi ni taarifa ya kasoro ya kweli. Mbao haijakauka, kiungo kimelegea, mfuniko haujashika. Tibu kasoro, na sauti itanyooka kwa sehemu kubwa. Kinachobaki ni marekebisho madogo ya gharama ndogo, nayo nitayaeleza.

Sikio linavyowabadilishia watu ladha na mguso

Mwaka 2004 watafiti Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, waliwaketisha watu mbele ya maikrofoni, wakawavalisha vipokea sauti masikioni, wakawapa krispi za Pringles wazing'ate. Mlio wa kung'ata ulirudishwa masikioni mwao palepale, mara ukiwa umeongezwa, mara umepunguzwa. Mlio ulipoongezwa, au zile sauti nyembamba za juu zilipopandishwa, watu walisema krispi ni kavu na mpya zaidi. Ulipopunguzwa, walisema zimelainika na kukaa siku nyingi. Krispi zenyewe hazikutofautiana. Kabla ya hapo, mwaka 1998, Veikko Jousmäki na Riitta Hari wa Ufini walikuwa wameonyesha kwamba mtu akisugua viganja huku sauti nyembamba za msuguano zimepandishwa masikioni mwake, anahisi ngozi yake imekauka kama karatasi. Ulimi na mkono hupokea maneno ya sikio na kuyaamini.

Ndiyo maana viwanda vikubwa vya magari vina wahandisi wanaoshughulikia sauti ya mlango unapofungwa. Ndani ya mlango hubandikwa tabaka zito la kuzuia bati lisitetemeke, pembeni huzungushwa raba, na palipo na hatari ya chuma kugonga chuma huwekwa plastiki. Kampuni ya pikipiki ya Harley-Davidson iliomba mwaka 1994 isajiliwe mlio wa injini yake kuwa alama ya biashara nchini Marekani, ikaja kuliondoa ombi hilo mwaka 2000 baada ya mabishano marefu na washindani.

Huku kwetu jambo hili si geni. Anayenunua chungu cha Wakisi, kutoka Ikombe kando ya Ziwa Nyasa, hukigonga kwanza kwa kidole. Kinachoitikia kwa mlio mwembamba unaodumu kimeiva na hakina ufa. Kinachotoa sauti iliyokufa hukirudisha chini. Tunachofanya hapa ni kuuhamishia utaratibu huo karakanani, kabla mnunuzi hajafika.

Hatua ya 1: Andika kila sauti ambayo mteja atakutana nayo

Chukua daftari, ifuate bidhaa kuanzia inapoguswa mara ya kwanza hadi inapotumika nyumbani. Kabati: kugongwa ubavuni, mlango kufunguka, mlango kufungwa, funguo kwenye kitasa, droo kwenda na kurudi, mshikio kuguswa, miguu kuburutwa sakafuni. Krispi: mfuko kushikwa, mfuko kupasuliwa, krispi kung'atwa. Jemu: mfuniko kufunguka, basi.

Weka alama kwenye sauti mbili tu ambazo mteja husikia kabla ya kulipa. Hizo ndizo za kuanzia. Fundi anayeanza kwa kushughulikia miguu ya kabati huku mlango wake unagonga anapoteza gundi na muda.

Kila sauti ipime kwa mambo manne. La kwanza ni idadi: je, ni pigo moja, au pigo likifuatwa na mapigo madogo? La pili ni unene: sauti nene huwaambia watu uzito na uimara, nyembamba huwaambia wepesi. La tatu ni mkia, yaani sauti inadumu muda gani baada ya pigo. La nne ni ukubwa. Kwa samani, mageti na milango, inayotafutwa ni sauti moja, nene, yenye mkia mfupi. Kwa vitu vya kutafunwa ni kinyume chake: milio mingi, myembamba, iliyokatika vizuri. Kati ya hayo manne ningeipa uzito idadi kuliko yote. Mlango unaofungwa kwa pigo moja la wastani unashinda mlango mzito unaofungwa kisha ukatetemeka mara tatu.

Hatua ya 2: Rekodi kwa simu, lakini kwa nidhamu

Simu ya kawaida inatosha ukiwa na utaratibu. Fanya kazi hiyo asubuhi na mapema, kabla ya mashine za jirani kuwashwa. Laza simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, umbali uleule kila mara. Sentimita 30 zinatosha. Rekodi bidhaa yako, kisha rekodi ya mshindani unayemheshimu, kwa mkono uleule na nguvu ileile.

Mambo mawili ya kuangalia. Programu nyingi za kurekodi hupandisha na kushusha sauti zenyewe, kwa hiyo simu si shahidi mzuri wa ukubwa wa sauti. Itumie kupima idadi, unene na mkia. Pia maikrofoni ya simu haizinasi vizuri sauti nene sana, na spika yake ndiyo dhaifu zaidi kwa hizo, hivyo sikiliza kwa spika za masikioni. Zipo programu za bure zinazochora sauti kwenye kioo. Ukiona mlima mmoja unaoshuka haraka, uko pazuri. Vilima vidogo vinavyofuata ni kitu kilicholegea, na umbali kati yake utakusaidia kukitafuta.

Hatua ya 3: Wape watu wasikilize bila kuona

Fundi hawezi kuisikia kazi yake mwenyewe kwa haki. Tundika khanga au shuka, bidhaa ziwe nyuma yake, na waite watu ambao wangeweza kuwa wateja: mama anayepita, dereva wa bajaji, mwalimu wa jirani. Kumi wanatosha kukuonyesha mwelekeo. Funga mlango wa kwanza, funga wa pili, kisha uliza, "Mama, kati ya hizi mbili, ipi ungeitolea hela zaidi?" Halafu, "Kwa nini?" Usiseme ipi ni yako. Badilisha mpangilio kwa kila mtu, kwa sababu wapo wanaopenda kuchagua ya mwisho.

Na fanya hili, hata kama linaonekana la ajabu: mara moja moja mfungie mtu mlango uleule mara mbili, umuulize ipi bora. Wengi wakitoa jibu kwa uhakika mkubwa, jua kwamba tofauti ndogo ulizopata kwenye majaribio mengine hazina maana.

Andika maneno yao kama walivyoyasema. "Linapwaya," "limechoka," "zito," "la kizungu." Maneno hayo yatakuelekeza kwenye tiba kuliko alama za moja hadi tano.

Hatua ya 4: Tibu chanzo

*Mbao.* Hapa ndipo nyanda zetu za juu kusini zina utajiri na ndipo zina tatizo. Msitu wa Sao Hill kule Mufindi unatoa misonobari mingi, na mbao nyingi hupakiwa kwenye lori zikiwa bado mbichi. Seremala akiunga mbao yenye maji, kiungo kinabana vizuri siku ya kwanza. Mbao inapokauka inasinyaa, ulimi unalegea ndani ya tundu lake, na kabati linaanza kulia kila likiguswa. Mbaya zaidi ni samani iliyotengenezwa Tukuyu, mahali pa mvua nyingi, kisha ikauzwa Iringa mjini ambako hewa ni kavu kwa miezi mingi.

Kwa samani za ndani lenga unyevu wa asilimia 12 hivi. Kama huna kipimo, kata kipande kirefu kutoka katikati ya mbao, ziba ncha zake kwa rangi, kiweke pamoja na mbao zako na ukipime kwenye mizani ndogo ya jikoni kila siku, ukipanga mbao hizo kwa vijiti katikati yake, chini ya paa, upepo ukipita. Uzito unapoacha kushuka kwa siku kadhaa, mbao imefikia ukavu wa mahali hapo. Kwa kazi inayokwenda mahali pakavu zaidi, tafuta mbao iliyokaushwa kwenye tanuri. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kurudishiwa kabati.

Baada ya mbao, angalia mgongo wa kabati. Plaiwudi nyembamba ya milimita 3 iliyopigiliwa misumari pembezoni tu ni ngoma kamili: imebanwa ukingoni, katikati iko huru, nyuma ina hewa. Kila mlango ukifungwa, inaitikia. Tiba ni tatu, zitumie zote. Paka gundi ukingoni kabla ya kupigilia. Weka skrubu kila sentimita 15 badala ya misumari michache. Kisha ongeza upapi mmoja wa kukata mgongo, lakini usiuweke katikati kabisa; uweke theluthi ya njia, kwa sababu ukigawa ubao sawa kwa sawa unapata vipande viwili vinavyotetemeka kwa sauti ileile. Ukiweza kupanda hadi milimita 6, panda.

Mlango uwe na nafasi sawa pande zote, milimita 2 hivi. Ukiwa umeshuka upande mmoja, utagonga kona kwanza, kisha ubavu, na hapo unasikia mapigo mawili. Rekebisha bawaba kabla ya kufikiria kitu kingine. Halafu bandika vipande vidogo vya raba kwenye kona mbili ambazo mlango unakutana na fremu. Tyubu ya zamani ya tairi la gari, ikikatwa kwa ukubwa wa kucha na kubandikwa kwa gundi ya viatu, inafanya kazi hiyo kwa gharama ya karibu bure. Mshikio ukaze kwa washa, maana mshikio unaocheza huharibu hata mlango mzuri.

Droo inastahili subira. Chini yake pasipigiliwe kwa nje. Pachongewe mfereji, ubao uingie humo kwa gundi. Pembeni acha milimita 1 hadi 2, si zaidi. Sugua nta ya nyuki au mshumaa kwenye njia zake. Droo iliyokaa sawasawa husukuma hewa ya nyuma yake inaporudi, ikapunguza mwendo yenyewe na kujifunga kwa upole. Mteja akiihisi hewa hiyo, huwa anairudia mara ya pili ili ajihakikishie. Hakuna maelezo ya bei yatakayokufaa zaidi ya hapo.

Kitanda kinacholia karibu kila mara kinalia kwenye chaga. Kila mwisho wa chaga ukae juu ya ukanda wa raba ya tyubu, na zile skrubu za kona zikazwe upya baada ya wiki chache za matumizi. Mwambie mteja hivyo siku ya kununua.

*Geti la chuma.* Bati lililochomelewa kwa nukta zilizo mbali mbali litapiga kelele maisha yake yote. Punguza umbali kati ya nukta, ongeza bomba la mraba la kukatiza bati kwa mshazari, weka raba mahali komeo linapogonga, na grisi kwenye bawaba. Kuna wanaojaza mchanga au kokoto ndani ya bomba ili geti lisikike zito. Msifanye hivyo. Uzito huo unaning'inia kwenye bawaba na nguzo zilezile, mchanga unashika maji na kulisha kutu kutoka ndani, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa kitu anachonunua. Sauti nzito ipatikane kwa chuma kizito.

*Krispi.* Viazi vya Njombe, Makete na Mbeya vijijini vina jina, lakini jina halilii mdomoni. Mlio wa krispi unatokana na kuta nyembamba za viazi zilizokauka zinazovunjika moja moja. Maji yakibaki, kuta zinapinda badala ya kuvunjika, na mlio unakuwa mnene na mfupi. Lenga unyevu chini ya asilimia 2.

Kata vipande kwa unene mmoja, milimita 1.2 hadi 1.7. Vioshe mpaka maji yatoke maangavu, yaani wanga wa juu uishe, kisha vikaushe kwa kitambaa au feni kabla havijaingia kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Kisha sikiliza karai. Mwanzoni linachemka kwa kishindo kwa sababu maji yanatoka kwa wingi. Mchemko unapopungua na mapovu kuwa machache, maji yanakaribia kwisha. Mkaangaji mzoefu hutoa krispi kwa sikio na rangi pamoja, na mwenye haraka hutoa kwa rangi peke yake, akapata krispi za dhahabu zinazolainika siku ya tatu.

Zipoe kabisa kabla ya kufungwa, la sivyo mvuke utabaki mfukoni. Lakini zisikae wazi usiku kucha, hasa kati ya Desemba na Aprili mvua zikiwa nyingi, kwa kuwa zinavuta unyevu wa hewa.

Mfuko nao unasema. Nailoni laini inanyamaza mkononi. Ile ngumu yenye kumetameta, au yenye tabaka la fedha ndani, inalia ikishikwa, na mtu anahesabu mlio huo kuwa sehemu ya ukavu wa krispi. Tabaka la fedha pia linazuia mwanga na hewa, kwa hiyo hapa sauti nzuri na kinga ya kweli vinakwenda pamoja. Lakini kuna mpaka. Mwaka 2010 kampuni ya Frito-Lay ilileta Marekani mfuko wa SunChips unaooza ardhini, wenye kelele kiasi kwamba wateja walilalamika kwa maelfu, na mwaka huohuo ikauondoa kwenye aina nyingi za krispi hizo. Mtu akila sebuleni, mfuko usimfunike anayezungumza.

*Jemu.* Mlio ule mfupi wa mfuniko unapofunguka ni ushahidi kwamba hewa ndani ilikuwa pungufu, na wateja wameujifunza bila kufundishwa. Jaza jemu ikiwa na nyuzi 85 au zaidi, acha sentimita moja juu, funga mara moja, igeuze chupa kichwa chini kwa dakika chache, kisha iache ipoe polepole. Kwa kuwa Mbeya mjini maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kutokana na mwinuko, usitegemee mchemko wa maji kama kipimo chako cha joto, tumia kipimajoto. Mfuniko uliotumika usiurudie, kwani raba yake imeshapata mfereji wa chupa nyingine. Siagi ya karanga haijazwi moto namna hii, hivyo haitakuwa na mlio huo. Iwekee karatasi ya kufunika mdomo wa chupa, na mteja atapata sauti ya kuivua.

*Mashine ya kusaga.* Kwa anayezitengeneza au kuziuza: wateja wengi huamini mashine inayonguruma ndiyo yenye nguvu. Mngurumo wa aina hiyo mara nyingi ni nyundo zisizolingana uzito, na zinakula beringi. Badilisha nyundo kwa jozi zinazotazamana, zenye uzito sawa. Mweleze mteja, kisha msagie gunia mbele yake, aone muda. Na palipo na kelele zaidi ya desibeli 85 kwa siku nzima, msagaji avae vizibo vya masikio.

Hatua ya 5: Fikiria safari ya kushuka

Hili wengi hawalifikirii. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Mfuko wa krispi uliojaa vizuri Uyole ukishuka Kitonga na kufika Dar es Salaam utakuwa umepoteza karibu asilimia 15 ya ujazo wake, hata ukihesabu joto la pwani. Umelegea, haulii, na krispi zimesagana njiani. Kwa mzigo wa pwani, jaza hewa zaidi kuliko mzigo wa soko la Sido au Soweto hapa Mbeya, na upange mifuko wima kwenye boksi lisilo na nafasi ya kuchezea.

Kwa jemu mambo yanageuka. Mgandamizo mkubwa wa hewa ya pwani husukuma mfuniko ndani, hata ule ulioshika kwa udhaifu, ukaonekana mzima. Kwa hiyo kagua hapahapa juu: siku moja baada ya kujaza, bonyeza katikati ya kila mfuniko. Unaobonyea na kurudi kwa mlio, chupa hiyo isipakiwe.

Hatua ya 6: Weka kielelezo

Ukishapata sauti unayoitaka, tenga bidhaa moja isiyouzwa. Mlango mmoja na fremu yake, droo moja, geti dogo la mfano. Kwa krispi tunza rekodi ya mlio wa kung'ata, maana krispi zenyewe hazitunziki. Kabla kundi jipya halijatoka, vijana wa karakana wachukue bidhaa tatu kutoka mwanzo, kati na mwisho wa kundi, wazilinganishe na kielelezo, nyuma ya pazia lilelile. Mlio ukibadilika, simamisha kazi, ukague kwanza vitu vilivyobadilika hivi karibuni: shehena mpya ya mbao, gundi ya duka jingine, viazi vya shamba jingine, roli jipya la mifuko. Andika tarehe na ulichokuta, ili mwaka ujao msimu wa mvua ukirudi ujue mapema ni kipi kitaanza kulia.